Buji Nyeusi ya Mujomba Straton

Nyamitaba, 9 Februari 1956

Kwa Séraphin Munyakazi, mwipwa wangu, ku garaji ya kampuni ya madini, Itebero.

Séraphin,

Pokea salamu, kama ungali unajua kusalimiwa. Sisi hapa tuko wazima. Maharagi imekauka vizuri, ng'ombe wawili wamezaa, mvua ya mawe ilipiga mihogo ya upande wa chini lakini haikumaliza. Mama Mukasine, bibi yangu, anauliza kama kule mu pori wanakupatia maziwa, ao munakunywa maji ya mito pamoja na nyani. Mama yako naye anakusalimia.

Sasa sikia, na usifikiri naomba. Wakati baba yako alikufa, mimi kaka ya mama yako nilikuambia: baki, chunga ng'ombe zangu, nitakukatia kilima. Ulikataa, ulisema unapenda mashini. Mutoto wa watu wa heshima akaenda kulala mugongo chini ya magari ya wengine, uso imejaa grisi kama mukaanga mandazi. Nilicheka siku ile, na leo ningali nacheka.

Lakini nimenunua kamyoneti, gari ndogo ya mizigo. Mimi, Straton Nzabandora. Muzungu wa shamba ya pareto amerudi kwao Ulaya, nikauza ng'ombe, nikachukua gari yake. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Sasa inakunywa esansi kama mulevi anakunywa kasiksi. Bidoni ya esansi yenye ilikuwa inanifikisha Mweso na kunirudisha inaisha kabla sijaona Kitshanga mu kurudi. Na moteri inatetemeka. Nikisimama bila kuizima, milango inagonga kama meno ya mugonjwa wa malaria. Mu mupando inakohoa, inatoa moshi nyeusi, watoto wanakimbia.

Fundi mumoja wa Kitshanga alisema moteri imekufa, niuze vyuma. Mwingine alisema kuna jirani amenitupia dawa. Wapumbafu wote wawili. Njo nikakumbuka kwamba mu ukoo wetu pia tuko na pumbafu moja mwenye anajua magari. Niambie inaugua nini. Usiandike mingi.

Mujomba yako,
Straton Nzabandora


Itebero, 11 Machi 1956

Mujomba Straton,

Barua yako nimeipata mukononi mwa Léonard, shofere wa kamyo ya kampuni. Alikaa siku mingi ku mto akingojea baki ya kuvusha kamyo, maji ilijaa. Mimi niko muzima. Bibi yangu Dorothée amejifungua mutoto mwanamuke, tumemuita Anne. Mwambie mama yangu mbele ya watu wote. Nyani hapa iko mingi, ni kweli, lakini sijaona hata moja imenunua gari bila kujua inakula nini.

Nimecheka mimi pia. Muntu alinitukana miaka yote juu ya grisi, leo anatembea na klaksoni na kofia, na gari ikikohoa kidogo tu anaita mwenye grisi. Ulinunua gari juu watu wa Nyamitaba wakuone. Basi wanakuona, na moshi wanaiona pia.

Fanya hivi, na ufanye mwenyewe, usitume muntu. Asubuhi, mbele ya kuwasha, inama uangalie chini ya gari kama udongo umelowa. Fuata tuyau, ile bomba ya esansi, na vidole tangu ku tanki mupaka ku moteri, unuse. Kama inavuja, usiendelee kusoma, funga tuyau. Kama haivuji, endesha kidogo kisha ushike magurudumu, kila moja katikati yake. Moja ikichoma mukono, freni yake, ile ya kuisimamisha, haiachii, na moteri inavuta gari yenye imefungwa. Angalia pia kama pneu ya kila gurudumu iko na hewa ya kutosha. Gari ya pneu laini ni kama muntu anatembea mu matope.

Kisha toa buji, ile ine yenye iko juu ya moteri na inatoa cheche ya kuwasha esansi. Weka mahali pake za zamani, muzungu hakosi kukuachia zingine mu kisanduku ya gari. Zenye umetoa, usizipanguse. Nasema tena juu nakujua, wewe unapenda kung'arisha vitu: usizipanguse. Uchafu wa buji unaonyesha namna esansi inaungua. Zifunge mu kitambaa, umupe Léonard.

Niambie pia unabeba nini. Na Mweso unaenda kufanya nini? Soko yenu ni Kitshanga tangu sijazaliwa.

Na neno moja. Salamu ya mama yangu ilikuwa fupi sana. Mama hajawahi kusalimia muntu bila kuuliza kama amekula na amekula nini. Anakosa nini?

Séraphin


Nyamitaba, 22 Aprili 1956

Séraphin,

Hapa kuko salama. Mutama inapanda vizuri. Kantonye, wale wanatengeneza njia, wameziba mashimo na udongo mutupu, mvua imeutoa kesho yake. Habari ya mutoto nimeitangaza kanisani, watu wamepiga makofi. Mama yako alifurahi. Amesema jina ni nzuri. Anapumzika.

Nimeinama chini ya gari kama ulivyoniamuru, mbele ya wachungaji wangu, na suruali yangu ya Misa. Hakuna kitu inavuja. Magurudumu haichomi. Pneu moja ilikuwa laini, nimeitia hewa, na gari inakunywa vile vile. Basi ukubwa wako wote umeishia ku pneu moja.

Buji hizi hapa. Sikuzipangusa.

Unauliza nabeba nini. Nabeba vitu vyangu. Unauliza Mweso nafanya nini. Mutoto hamuulizi mujomba yake njia zake. Wewe fundi, angalia vyuma, acha watu.

Straton Nzabandora


Itebero, 20 Mei 1956

Mujomba,

Tuko wazima, Anne anacheka sasa. Dorothée alikuwa na homa, imepona.

Nimefungua kitambaa yako juu ya meza ya garaji na nimeona mwendo wako wote. Mujomba, unajua buji nzuri inafanana na nini? Rangi yake ni kama kahawa yenye maziwa. Kama iko na mafuta yenye kulowa, moteri imechoka ndani, inakula mafuta yake, na ningekuambia uuze vyuma. Yako ni nyeusi, kavu, kama masizi ya chungu. Moteri haijakufa. Inakula esansi mingi kuliko hewa, haimalizi kuiunguza, masizi inafunika buji, cheche inakosa, njo gari inatetemeka, na esansi yenye haikuungua inatoka moshi.

Fungua filtre ya hewa, ile kopo kubwa juu ya karburateri, fasi esansi inachanganyika na hewa. Nadhani utakuta mule udongo wa shamba ya pareto wote. Ioshe na esansi, utie mafuta mupya chini yake. Angalia pia starteri, ile waya unavuta asubuhi kama moteri iko baridi. Kama inakwama bila kurudi, gari inakunywa siku muzima kama vile ni asubuhi.

Lakini kuna sababu ingine, na haiko mu gari. Masizi ya namna ile inakuja kama muntu anaendesha masaa mingi mu vitesi ya kwanza, ile ya kuondokea, polepole kama maandamano ya Sakramenti. Moteri haipati moto ya kutosha, buji haijisafishi. Mujomba, njia ya Kitshanga mupaka Mweso ina fasi mingi ya tambarare. Muntu mwenye anaenda mule na vitesi ya kwanza ni muoga, ao anataka kila nyumba ya kando ya njia imuone vizuri. Wewe siku zote ulikuwa yote mbili.

Na Léonard ameniambia jambo lingine. Kila mara akipita Mweso anaona kamyoneti yako imesimama mbele ya nyumba ya mujane Elisabeth, mwanamuke wa soko. Kila muntu wa njia ile anaijua nyumba ile. Sasa naelewa vitu vyako, na kwa nini mutoto hamuulizi mujomba njia zake. Mama Mukasine anajua? Na mama yangu, mwenye unamulisha kwako, anaona hayo na ananyamaza juu anakula sahani yako? Haya ni aibu, Mujomba, na unaitia esansi.

Nitakuja Noeli kuonyesha mama mujukuu wake. Tutazungumuza.

Séraphin


Nyamitaba, 30 Juni 1956

Séraphin,

Filtre ilikuwa imejaa udongo. Imeoshwa. Waya ya starteri ilikuwa imekwama katikati, nimeilegeza na mafuta ya ng'ombe. Kutetemeka imepunguka. Esansi imepunguka kidogo, haijatosha. Nieleze kitu cha kufanya na ile yenye inabaki.

Naenda polepole juu napenda kwenda polepole.

Usikuje Noeli. Njia itakuwa mubaya.

S. Nzabandora


Itebero, 19 Agosti 1956

Mujomba,

Salamu kwa nyumba yote. Hapa tunaishi. Nimekawia kujibu, na kwanza nilikataa kujibu, juu barua yako ilikuwa ya muntu anafukuza mbwa.

Mu kipande hiki cha nguo nakutumia vitu viwili. Kile kidogo cha shaba kinaitwa jigleri, kinakaa mu karburateri, kinapima esansi. Yako muzungu alinunua kwa watu wa inchi ya chini, kule hewa iko nzito. Kwenu milimani hewa iko nyembamba, na jigleri ile inaendelea kumimina kama iko chini. Hiki kina tundu ndogo zaidi. Na buji mupya ine, za namna inashika moto sana, zimefanywa kwa magari yenye haikimbii. Nilipozinunua niliwaambia wenzangu: ni za muzee moja anatembeza mwanamuke wa soko. Walicheka.

Njo nitakuambia sababu ya kukuandikia. Juma ile ile, jiwe ilimuangukia muntu mumoja ku shimo ya madini, ikamuvunja kiuno. Tulimulaza nyuma ya kamyo, mimi nikakaa naye, Léonard akaendesha. Kwa shimo ya kwanza ya njia yule muntu alilia sauti yenye sitaisahau. Léonard akarudisha vitesi ya kwanza. Tulienda vile mupaka hospitali ya Walikale, siku muzima, watu wenye mizigo ku mugongo wakitupita. Tuliporudi gari ilianza kukohoa. Mukubwa wa garaji akaniambia: «Munyakazi, toa buji.»

Nikatoa. Zilikuwa nyeusi, kavu, kama masizi ya chungu. Nikasimama nazo mukononi, na mukubwa akaniuliza kama niko mugonjwa.

Mujomba, unabeba nani?

Séraphin


Mweso, 9 Septemba 1956

Séraphin,

Leo sitakupa habari ya maharagi.

Nabeba mama yako.

Uvimbe ulimutokea ndani ya tumbo mbele ya Noeli ya mwaka jana. Alificha, unamujua, mupaka akashindwa kuinuka ku jembe. Munganga wa Mweso alisema tumulete kila juma kwa sindano na dawa. Mara ya kwanza tulimubeba na kipoyi, vijana wakabadilishana mabega, na alirudi kama maiti. Njo nikauza ng'ombe. Uliandika nilinunua gari juu ya kuonekana. Mimi napenda kuonekana, sikatai, lakini napenda kuonekana na ng'ombe. Gari ile sijaipenda hata siku moja. Inanuka, na haizai.

Analala nyuma juu ya godoro, chini nimetandika majani, Mukasine anashika kichwa yake. Kila jiwe inaingia mu tumbo yake. Nikitia vitesi ya pili anauma nguo. Dada yangu mukubwa, mwenye alizaa wewe bila kuita muntu! Basi naenda na ya kwanza. Kantonye wananipita na miguu wakibeba pau zao za kuzolea udongo, wananiimbia wimbo wa kunicheka. Wewe pia umenicheka, kutoka mbali, na karatasi.

Elisabeth ana nyumba karibu na hospitali. Watu wenye wana mugonjwa wanalala kwake, anawapikia. Mukasine analala kule na mama yako, chumba kimoja, na mimi nalala ndani ya gari. Sasa unajua habari ya mwanamuke wa soko. Ukimuona, umwombe musamaha wewe mwenyewe, mimi sitaupeleka.

Alinikataza kukuandikia. Alisema: «Straton, ukimwambia ataacha kazi, atakuja kukaa kando yangu kuniangalia. Dorothée na mutoto watakula nini? Hapana.» Akaniapisha mbele ya padri. Gari ikaharibika. Fundi moja akataka niuze vyuma, mwingine akataka mbuzi ya kutoa uchawi, na juma ilikuwa inafika. Hakukuwa muntu mwingine wa kuandikia isipokuwa wewe. Kukuomba wewe kuliniuma kuliko matusi yako yote.

Barua yako ya mwisho nilimusomea jana. Nilifika ku neno lako la mwisho nikakunja karatasi. Kisha akasema: «Ameuliza mwenyewe?»

Nikasema: «Ameuliza mwenyewe.»

«Basi haukuvunja kiapo. Mujibu.»

Fundi mukubwa! Uliona ndani ya kitambaa kwamba gari inaenda polepole, na haukujiuliza ni nini inaweza kufanya muntu mwenye kiburi kama mimi akubali kwenda polepole mbele ya watu. Jigleri yako nimetia. Gari inaenda vizuri. Hii njo sifa moja utapata kwangu.

Usingoje Noeli. Kuja na mutoto.

Mujomba yako


Mweso, 11 Novemba 1956

Mujomba,

Natumaini ulifika Nyamitaba bila mvua na mavuno inaendelea. Dorothée na Anne wako wazima. Wanalala kwa Mama Elisabeth. Nilimuomba musamaha siku ile tulifika, mbele ya sufuria zake. Aliniangalia tangu kichwa mupaka miguu, akasema: «Kata kuni.» Nakata kuni tangu siku ile.

Ulipotuachia gari, na mama amelazwa hospitali, nilisema nitabaki mupaka munganga amalize. Amemaliza. Jana aliniita pembeni, tukasimama ku mulango wa nyuma, akazungumuza muda mrefu na heshima. Nikarudi kwa mama. Alikuwa amekaa, Anne juu ya magoti yake, anamuvutia masikio kuona kama atakuwa na masikio yako.

Akasema: «Usinieleze. Niliona namna ulitembea kuja hapa.»

Nikasema: «Mama, tunaweza kujaribu hospitali ingine, mbali.»

«Séraphin, mimi si gari. Hautanitoa kipande, utie kingine.»

Nilitaka kulia, akanikataza juu mutoto angeogopa. Kisha akaomba barua zetu zote. Zangu uliziacha mu kisanduku ya gari, zako nilikuja nazo, nilimusomea zote. Alicheka mupaka akashika tumbo kwa uchungu. Akasema: «Wanaume wawili wazima. Mwaka muzima munatukanana juu ya moshi. Straton anatukana juu anaogopa, na wewe unatukana juu unafanana naye. Na mimi mulinilaza katikati yenu kama gunia ya viazi. Hakuna mumoja aliniuliza mimi nataka nini. Shika kalamu.»

Mujomba, yenye inafuata si maneno yangu. Ni yake, nimeandika kama alivyosema.

«Straton, mutoto wa mama yangu. Maharagi ya hospitali hawajui kuipika. Nimeila mwaka huu wote bila kusema juu nilikuona unavyochoka. Sasa nimechoka mimi. Usitume ng'ombe tena sokoni juu yangu. Yule mwenye pembe ya kushuka, usimuuze, mupatie Mukasine, yeye njo alishika kichwa yangu.

Toa mbuzi mu nyumba yangu. Najua uliwatia mule, usidanganye. Fagia, utie moto siku mbili ukuta ukauke. Kitanda ukiweke upande wa mulango, nataka kuona chini mupaka ku shamba. Godoro ya gari, nikifika, usiitie ku kitanda, ichome, nimeichukia.

Padri akuje kesho ya kufika kwangu, si siku ile ile. Siku ile ni ya watu wangu.

Usilie ku njia. Lia sasa, umalize, uoshe uso.

Na watu wa kilima wakikuuliza kama wamenirudisha juu nimeshindwa, usiwape habari ya tumbo yangu. Uwaambie dada yako Mukagasana amerudi kwake na ana wageni, mwana wake, bibi ya mwana wake, na mujukuu. Mwenye anataka kusalimia aingie na maziwa. Mwenye anakuja kuangalia tu, apite.»

Mujomba, ameniambia pia nisiandike maneno ya munganga. Nami siandiki.

Tunatoka hapa Jumanne asubuhi.

Séraphin, mwipwa yako